Tathmini ya pombe kwa kesi za DUI Illinois: huduma ina mpango mzuri, tafsiri ndiyo inayoiharibu

Jimbo la Illinois, hakimu hatoi hukumu ya kuendesha gari umelewa (DUI) mpaka awe na ripoti ya tathmini ya pombe na dawa za kulevya mezani. Mshtakiwa ndiye anayeitafuta ofisi, ndiye anayelipa, na ndiye anayebeba matokeo. Kwa hiyo tunaipima hapa kama huduma nyingine yoyote ya kulipia, tukiwafikiria zaidi Waswahili wa Chicago, Rockford na Moline, ambao wengi wametoka Kongo.

Kwa mpangilio tunaipa 4 kati ya 5. Kwa lugha, 2 kati ya 5, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Tuanze na kizuri chake. Mtathmini hakupi daraja kwa kukuangalia usoni. Vigezo vimeandikwa, na ripoti yenyewe ina fomu moja jimbo zima. Kuna madaraja manne ya hatari, na utayaona kwenye karatasi yakiwa Minimal, Moderate, Significant na High. La kwanza ni la mtu asiye na kesi ya nyuma, aliyepimwa kiasi cha kilevi mwilini chini ya 0.15, na asiye na dalili nyingine yoyote. Huyo anapewa saa 10 za darasa, basi. La pili ni 0.15 hadi 0.19, au aliyekataa kupimwa. Wengi hawalijui hili: ukikataa kupuliza, rekodi yako hata iwe safi namna gani, daraja la kwanza umeshalikosa. Hapo ni saa 10 za darasa na saa 12 za ushauri, na hizo 12 haziruhusiwi kubanwa kwenye wikendi moja. Lazima zichukue wiki 4 au zaidi, zisizidi saa 3 kwa siku.

La tatu ni 0.20 na kuendelea, au kesi moja ya nyuma, au dalili za matumizi mabaya. Saa 10 za darasa na angalau 20 za matibabu. La nne ni dalili za utegemezi hata kama hujawahi kukamatwa kabla, au kesi mbili za nyuma ndani ya miaka 10. Hapo ni saa 75 za matibabu. Ukienda mara tatu kwa wiki, saa 3 kila mara, unamaliza wiki ya tisa, na bado kuna mpango wa kufuatiliwa baada ya hapo.

Kesi ya nyuma iliyoishia kwenye uangalizi wa mahakama nayo inahesabiwa, ijapokuwa mteja alidhani imefutika. Ya jimbo jingine pia.

Tathmini yenyewe ina sehemu tatu: dodoso la maandishi, mahojiano, na ukaguzi wa rekodi. Nenda na nakala ya tiketi, ripoti ya kiapo ya askari, matokeo ya kipimo cha pumzi au damu, rekodi ya udereva kutoka Ofisi ya Katibu wa Jimbo (Illinois, ofisi hiyo ndiyo inayosimamia leseni), na orodha ya dawa unazotumia pamoja na dozi. Tathmini nyingi zinazochelewa zinachelewa kwa sababu ya rekodi ya udereva, maana mteja anafika mikono mitupu na ripoti haifungwi bila hiyo.

Dodoso watu wanalidharau, nalo lina meno. Baadhi ya maswali yamewekwa kupima ukweli wako tu. Anayekana hata makosa madogo ambayo kila binadamu anayo, alama yake ya ukweli inaharibika, na majibu yake mengine yote yanaanza kutiliwa shaka. Hutokea sana kwa mtu anayesomewa maswali kwa haraka na kujibu "hapana, hapana, hapana" ili amalize. Omba muda. Kama unasoma Kifaransa vizuri kuliko Kiingereza, uliza mapema kama wanalo la Kifaransa.

Sasa mahojiano, maana hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi au inapopotea.

Mtathmini anahesabu kwa kinywaji cha Kimarekani: bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, sawa na gramu 14 za kilevi halisi. Mtu wetu anahesabu kwa chupa. Chupa ya Tusker ni mililita 500. Chupa ya Primus aliyoizoea mtu wa Bukavu au Bujumbura ni mililita 720. Akisema "bia nne" akiwa na Primus kichwani, kwa hesabu ya Kimarekani ni vinywaji vinane. Mkalimani anatafsiri "nne" kama alivyosikia, mtathmini anaandika nne, kisha anafungua karatasi ya polisi anakuta 0.17. Mwanamume wa kilo 80 aliyekunywa kwa saa tatu hafiki hapo bila vinywaji vinane hivi. Tofauti hiyo inaandikwa kwenye ripoti kuwa mteja anapunguza kiasi, na hakimu anaisoma hivyo. Hakuna aliyedanganya; chupa ndizo hazikulingana. Dawa yake ni rahisi: taja aina ya kinywaji, ukubwa wa chupa au kopo, idadi, saa uliyoanza na saa uliyomaliza.

Neno "pombe" nalo lina mitego. Kuna anayejibu "pombe situmii" akimaanisha gongo na vinywaji vikali, huku bia anaiweka kando kabisa. Na "dawa" ni mbaya zaidi. Swali la dawa za kulevya likitafsiriwa "unatumia dawa?", mgonjwa wa presha anajibu "ndiyo, kila siku". Mtathmini makini atauliza dawa gani. Mwenye haraka ataandika.

Kuna maswali ya dalili ambayo yana Kiswahili chake kizuri, na mkalimani asiyeyajua huyavuruga. Lile la kunywa asubuhi ili kuondoa uchovu wa jana ni kuzimua, Nairobi wanasema kutoa loki. Mwili kutetemeka na kutoka jasho ukikosa kilevi ni arosto. Swali la kupoteza kumbukumbu ndilo linaloharibiwa kuliko yote, kwa sababu hutafsiriwa "umewahi kupoteza fahamu?" Mtu anajibu hapana, kwa kuwa hakuwahi kuzimia. Kinachoulizwa ni kama uliwahi kuamka asubuhi usikumbuke ulifikaje nyumbani, ijapokuwa usiku ulikuwa ukitembea na kuongea. Kuna pia lile la kustahimili: "siku hizi unahitaji nyingi zaidi ili ulewe?" Kwetu mtu anayekunywa sana bila kuyumba husifiwa, na wengi hujibu kwa fahari. Katika orodha ya vigezo 11 vya kitabibu, hiyo ni dalili. Dalili 2 au 3 ndani ya miezi 12 ni tatizo dogo, 4 au 5 la wastani, 6 na zaidi kubwa. Jibu ukweli, lakini hakikisha ni swali lenyewe unalolijibu.

Bangi itaje pia. Watu wazima wa miaka 21 na zaidi wanaruhusiwa Illinois tangu 2020, na bado inaingia kwenye tathmini.

Kuhusu mkalimani: yule wa mahakamani hakufuati ofisini kwa mtathmini. Uliza siku ya kupiga simu, kabla ya kulipa, nani atatafsiri na anajua Kiswahili cha wapi. Mkalimani wa Mombasa na mteja wa Uvira wanaelewana kwenye mambo mengi, ila si yote, na mahojiano haya hayataki makadirio. Mke, mtoto au mchungaji wasitafsiri. Mtoto hawezi kumuuliza baba yake kama ameshawahi kuzimua, na baba hawezi kumjibu mtoto.

Upande wa bei, usikimbilie tathmini za mtandaoni zinazotoa cheti siku hiyo hiyo. Illinois inataka mtathmini mwenye leseni ya jimbo, na karatasi ya kampuni ya jimbo jingine isiyo na leseni hiyo inarudishwa, nawe unalipa mara ya pili. Asiye na uwezo aulize kuhusu mfuko wa jimbo unaolipia wasiojiweza. Ofisi nyingine haziutaji mpaka uulize. Na ofisi iliyokutathmini haina haki ya kukulazimisha utibiwe kwake. Omba orodha ya vituo, chagua kilicho karibu na kazi yako na chenye saa unazoziweza, maana kukosa vikao ndiko kunakowarudisha wengi mbele ya hakimu.

Fomu ya ridhaa ya kutoa taarifa isome mstari kwa mstari. Sheria ya shirikisho inalinda rekodi za matibabu ya ulevi, hivyo wanaopelekewa wanatajwa kwa jina: mahakama, wakili wako, Ofisi ya Katibu wa Jimbo. Nafasi iliyoachwa wazi, ichore mstari kabla ya kusaini.

Kwa wasio raia, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya tathmini, si baada. Tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa 2019, kupatikana na hatia ya DUI mara mbili ndani ya kipindi kinachoangaliwa humfanya mwombaji wa uraia ahesabiwe hana mwenendo mwema mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Hati za kumaliza saa zako ndizo utakazozihitaji siku hiyo, kwa hiyo omba nakala halisi mbili, moja ya wakili na moja ya kabati la nyumbani.

Ripoti ikiwa tayari utaombwa kusaini. Kabla ya kalamu, omba usomewe kwa Kiswahili sehemu ya kiasi cha unywaji, sehemu ya dalili, na daraja ulilopewa na sababu yake. Kosa la chupa ya 720 hurekebishwa hapo kwa dakika tano. Likishafika kwa hakimu, linahitaji tathmini mpya.