Rice cooker ndogo ya swichi moja: inamfaa nani, na wali wake unapikwaje

Kwa anayekaa peke yake, au nyumba ya watu wawili watatu, rice cooker ya kununua ni ile ndogo ya swichi moja: wati 300 hadi 400, kifuniko cha kioo, taa mbili, basi. Zile zenye vitufe vya uji, keki na supu zinapika vizuri, hilo halina ubishi. Lakini umeme wa kupanda na kushuka ukishaunguza bodi yake, mafundi wengi wa mtaani hawana la kufanya. Ya swichi moja ina vitu vichache ndani, na karibu vyote vinatengenezeka.

Ukifungua kifuniko na kutoa sufuria ya ndani utaona sahani ya hita, na katikati yake kidude cha duara chenye springi. Humo ndimo mlimo na sumaku. Maadamu kuna maji chini ya sufuria, joto la pale haliendi mbali na nyuzi 100. Mchele ukishayanywa maji, joto linapanda haraka. Likifika kama nyuzi 103, sumaku inaachia, springi inasukuma, swichi inaruka na taa ya kupasha, yaani ya kuuweka wali ukiwa moto, inawaka. Kwa hiyo mashine hii haijui kama wali umeiva. Inachojua ni kwamba chini kumekauka. Wali mbichi, bokoboko au ulioungua, karibu wote chanzo chake ni hapo.

Dukani, iwe Kariakoo au duka la jirani, usidanganywe na lita zilizoandikwa kwenye boksi. Wengine huhesabu mchele mkavu, wengine huhesabu sufuria ikijaa hadi mdomoni. Tazama alama za ndani ya sufuria: namba ya juu kabisa ndiyo vikombe vya mchele inavyobeba. Kikombe kinachokuja nayo ni cha mililita 180, yaani mchele wa gramu 150 hivi, unaotosha sahani mbili za kawaida. Ukipima kwa kikombe cha chai halafu ukafuata alama za sufuria, hesabu haitakaa sawa. Usichukue kubwa ya vikombe 10 ukidhani utapika kimoja: mchele utatandazika chini kama karatasi na nusu yake utakuwa ukoko. Bonyeza kile kidude cha katikati, kinapaswa kushuka na kurudi bila kukwama. Shika sufuria mkononi. Nyepesi sana hupinda, na ikipinda haikai vizuri juu ya sahani. Mwisho soma volti nyuma. Iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu hita itavuta karibu mara nne ya nguvu yake. Itaungua siku hiyohiyo.

Kipimo cha maji kinachofanya kazi ni hiki: kikombe cha maji kwa kila kikombe cha mchele, kisha nusu kikombe juu ya yote kwa ajili ya mvuke. Mchele vikombe viwili, maji viwili na nusu. Vitatu, vitatu na nusu. Mvuke unaopotea hauongezeki sana hata mchele ukiongezeka, ndiyo maana wanaozidisha maji mara mbili huishia na bokoboko. Mchele mpya wa Kyela au Mbeya huridhika na kipimo hicho. Uliokaa ghalani muda mrefu, na basmati, uongezee robo kikombe kwa kila kikombe cha mchele, na basmati iloweke dakika 20 kwanza. Osha mpaka maji yabaki na weupe kidogo tu. Wanga usiooshwa ndio unaotoa povu, na povu ndilo linalofurika kwenye tundu la kifuniko na kuchuruzika hadi kwenye swichi. Kijiko cha mafuta hupunguza povu hilo.

Swichi ikiruka, usifunue. Wali wa kwenye sufuria ya mkaa tunaupalia makaa juu ya mfuniko; rice cooker haina moto wa juu, ina mvuke uliobaki ndani tu, na kazi ya kupalia inafanywa na mvuke huo. Uache dakika 10 hadi 15, ndipo uuchambue kwa mwiko wa plastiki au mbao kutoka chini. Wali wa juu wenye kiini mara nyingi ni wa mtu aliyefunua mapema.

Wali wa nazi ndio unaowashinda wengi. Tui zito likiingia tangu mwanzo, protini na sukari yake hushika chini, sehemu ile inapita nyuzi 103 wakati juu bado kuna maji, swichi inaruka na mchele ni mbichi. Pika kwa tui jepesi, lile la mkamuo wa pili au wa tatu. Kwa mchele vikombe viwili, weka vikombe viwili na robo vya tui hilo na chumvi, na koroga mara moja linapoanza kuchemka. Swichi ikiruka, mwagia robo kikombe ya tui zito, geuza taratibu, funika, bonyeza tena. Ikikataa kushika, sahani bado ina moto mwingi. Ngoja dakika chache. Tui la boksi lichanganye na maji mara mbili yake kabla ya kupikia.

Pilau: vitunguu na nyama vikaange kwenye jiko lingine. Kwenye rice cooker swichi itaruka kabla kitunguu hakijabadilika rangi, kwa kuwa hakuna maji.

Kwa wati 350, mapishi ya nusu saa hayafikishi hata robo ya uniti ya LUKU. Ila umeme ukiwa mdogo, tuseme volti 180, hita inabaki na nguvu kama asilimia 60, mchele unakaa muda mrefu kwenye maji ya uvuguvugu na unalainika kupita kiasi. Siku kama hiyo anza na maji ya moto. Umeme ukikatika katikati, usiguse kitu. Swichi inabaki chini na kazi inaendelea umeme ukirudi. Kupasha kusizidi saa mbili, maana kingo zinakauka, na wali wa nazi usiuache humo usiku kucha. Nyingi hazina kitufe cha kuzima: chomoa.

Kabla ya kurudisha sufuria, ifute chini ikauke, na ipanguse sahani. Punje moja tu ya wali iliyokaukia pale inainua sufuria upande mmoja, kidude cha katikati hakigusi sawasawa, na wali unaungua. Usisugue sufuria kwa stiliwaya. Ikigoma kuwaka kabisa, anza na waya, kisha fyuzi ya joto iliyo chini ya sahani. Fyuzi hiyo ni rahisi kubadilishwa. Fundi akitaka kuiruka kwa kuunganisha waya mtupu, mkatalie: thermostati (kile kidude cha katikati) ikinasa siku moja, hakutakuwa na kitu cha kukata umeme kabla plastiki haijaanza kuyeyuka.