Tua ya miguu kutoka Archives hadi Kariokor: nyota tano, na niko na maneno

Nyota tano nimewapea hawa vijana wanaoongoza hii tua, yaani matembezi ya kuonyesha wageni jiji, bila kusita. Kama uko Nairobi na umepata wageni, wawe wametoka Mombasa kama wangu ama ng'ambo huko, hii tua ya kutembea tao, katikati ya jiji, mpaka soko la Kariokor wafanyishe kwanza, hata kabla ya kuenda kuona simba. Sisemi Nairobi National Park ni mbaya, jamani, mbuga ya tangu 1946, kilomita za mraba 117, faru anakula majani na nyuma yake unaona maghorofa ya tao, nani hapendi? Lakini mgeni wa mbuga analipa kiingilio, analipa mwenye gari, anarudi hoteli amelala. Mama anayeuza chai River Road hata hajui kuna mtu alikuja.

Hapa ni tofauti, na ndio maana naandika mrefu.

Mnakutana asubuhi mbele ya Archives, lile jumba la nyaraka za taifa, na wanaanzia ndani, kitu sikutarajia. Sisi watu wa Nairobi hapo ni pahali pa kungojana tu, "nipate kwa Archives", halafu kila mtu anaenda zake, lakini hilo jumba lilikuwa la Bank of India na pale chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais baada ya Jaramogi Oginga Odinga, vinyago, mapambo, vitu vya kutoka pembe zote za Afrika. Mkitoka nje mko kwa sanamu ya Tom Mboya, yule waziri wa serikali ya Kenyatta, na kijana anayewatembeza anawaelezea venye alipigwa risasi Julai 5 1969 hapo karibu tu, barabara ikiitwa Government Road, leo ni Moi Avenue. Binamu yangu ni mwalimu wa historia na maswali yake hayakuisha, na yule kijana alijibu yote kwa Kiswahili safi, penye hakuwa na uhakika akasema atauliza. Hiyo pekee ilinifanya nimwamini.

Kutoka hapo ni Kenyatta Avenue kwa zile sanamu tatu za shaba za vita vya 1914 hadi 1918. Nimepita hapo miaka na miaka na sikuwahi kusimama kusoma maandishi ya Kiswahili yaliyo chini yake. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi, wale watu walichukuliwa kubebea jeshi la Waingereza mizigo mpaka Tanganyika, makumi ya maelfu wakafa, na wengi hawakufa na risasi, ni magonjwa na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kambi yao ilikuwa huko tunakoita Kariokor leo. Kwa hivyo mkianza sasa kuteremka River Road, mkatoboa Kirinyaga Road kwa mafundi wa spea na kelele zao zote, mgeni tayari anajua anaenda wapi na kwa nini. Aliyepanga hii njia alikaa chini akafikiria.

Sasa pesa. Njiani mnakunywa chai na mahamri kwa kibanda, na mnalipa mwenye kibanda wenyewe, bei ile ile ya jamaa wa mkokoteni aliyekaa kando yenu. Soko lenyewe ndio kabisa. Kuna fundi wa viatu pale, unachagua ngozi, anachora mguu wako kwa karatasi, unachagua shanga, halafu mnaenda kula mbuzi choma na ugali na kachumbari hapo hapo Kariokor, mkirudi sandali ziko tayari, na soli ni ya tairi kwa hivyo hiyo ni ya miaka. Nikakaa naye kidogo wakati wengine wanashiba. Akanionyesha, kuna kijana wa kukata ngozi, kuna mama wa kushona shanga, kuna mwenye kuuza gundi, wote wanakula kwa hiyo pea moja. Upande wa vikapu ni hivyo hivyo, kiondo kimesukwa na akina mama Ukambani, kikifika hapa ndio kinatiwa mikanda ya ngozi na bitana.

Nilimuuliza yule fundi wa viatu pembeni kama hawa vijana wa tua wanamkata kamishen. Akasema hapana, wanalipwa na mgeni mwanzoni na kwake hawaombi kitu. Hii ni kubwa sana, watu wangu! Kuna dereva mmoja alinipelekea mgeni wangu wa kazi duka la vinyago, na kumbe nusu ya ile bei ilikuwa ya dereva, mgeni akaambiwa hiyo ndio bei ya Nairobi. Mtu kama huyo akirudi kwao atasema nini juu yetu? Hapa bei imeandikwa kwa kadibodi, mzungu na mimi tunasoma ile moja, na binamu zangu walinunua mpaka nikaogopa basi la Mombasa litawakataza mizigo.

Ya kurekebisha yako. Kundi letu lilikuwa kubwa mno, River Road wa nyuma hawakuwa wanasikia chochote, gawanyeni mara mbili hata kama italeta kazi. Mambo ya choo ni shida, kutoka Archives mpaka sokoni hakuna mahali mmepanga, na shangazi yangu aliteseka kimyakimya, tafadhali ongeeni na mkahawa mmoja pale katikati muwe mnawalipa kidogo. Usalama niliuona sawa, kuna kijana anatembea nyuma kabisa na anawakumbusha simu ikae mfukoni.

Na ombi langu kubwa: ongezeni ya jioni. Mwaka 2024 Kenya ilipata wageni wa nje kama milioni 2.4 na kuna wale Nairobi wanalala usiku mmoja tu, asubuhi hao Mara ama Pwani. Wapelekeni juu ya KICC, lile jumba refu la mikutano, jua likianza kushuka, ghorofa 28, waone jiji lote, halafu wale chakula cha jioni Ngara. Mgeni akilala usiku mmoja zaidi kuna mtu wa teksi amepata, kuna mpishi amepata, kuna mtu wa kufua mashuka amepata. Na wahusika wa jiji nao waweke vibao, hata Kariokor kwenyewe hakuna kibao nilichoona cha kueleza wale wapagazi walikuwa nani, mpaka uwe na kijana wa kukuambia.

Mkienda, vaeni viatu vilivyofungwa, Kirinyaga Road iko na oili na vyuma chini. Pesa taslimu kidogo inatosha, karibu wote wanakubali M-Pesa. Na mwambieni kijana asubuhi mapema kama mtakula mbuzi, apige simu iwekwe motoni, la sivyo mtangoja sana.