Kukimbia kando ya Regent's Canal, London: uzoefu wangu

Kama unaishi London, au unakuja kwa ajili ya marathoni ya Aprili, na unatafuta mahali pa kukimbia pasipo na vilima, pasipo na kusimama kwenye taa za barabarani na pasipo na kiingilio, shuka kwenye mfereji. Nimekimbia kando ya Regent's Canal kwa miaka kadhaa, kiangazi na wakati wa baridi, na nyota nne kati ya tano nazitoa kwa moyo mweupe. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya msongamano, na nitaeleza ni wapi na saa ngapi ili nawe uukwepe.

Nimekulia Moshi. Pale, njia ama inapanda kuelekea mlimani ama inashuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, na aliyewahi kukimbia Kilimanjaro Marathon anaujua mpando wa Mweka. Mazoezi ya namna hiyo yanajenga miguu na mapafu, sina ubishi. Tatizo lake ni kwamba ukichoka hujui uchovu umetoka wapi: ni mlima, au ni mwili haujapona tangu juzi? Kando ya mfereji jibu linapatikana mapema. Njia haibadiliki, kwa hiyo kama leo mapigo ya moyo yako juu kuliko wiki iliyopita kwa mwendo ule ule, kilichobadilika ni wewe. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote za njia tambarare, kuliko hata urahisi wake kwa magoti.

Utambarare wenyewe haukuwekwa kwa ajili yetu. Mfereji huu ulifunguliwa kwa vipande, Paddington hadi Camden mwaka 1816, kisha wote hadi Limehouse mwaka 1820, ili kusafirisha mizigo kwa mashua zilizokokotwa na farasi. Farasi alitembea pembeni, kwenye njia hii hii tunayoikimbilia leo, akivuta kamba ndefu, mashua ikimfuata majini. Maji hayakai kwenye mteremko, kwa hiyo wahandisi walichimba vipande virefu vilivyo sawasawa, na pale ardhi iliposhuka wakajenga loki, yaani chumba cha maji chenye milango miwili mikubwa kinachoshusha au kupandisha mashua. Kutoka Camden hadi Limehouse ziko loki 12, na kwa jumla mfereji unashuka takriban mita 26 tu. Kwa mkimbiaji maana yake ni hii: unakwenda sawasawa kwa dakika kadhaa, unafika kwenye loki, unateremka kimteremko kifupi cha hatua chache, halafu sawasawa tena. Mfereji mzima ni kama kilomita 14.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha kutoka Camden kwenda magharibi kupitia Regent's Park. Miti imefunika pande zote mbili, barabara iko juu yako na huisikii. Ukipita chini ya bustani ya wanyama, kwenye lile zizi refu la nyavu lililokuwa la ndege, tangu mwaka 2022 wanaishi mbega, wale weusi wenye mkia mrefu mweupe wa huku kwetu Afrika Mashariki. Asubuhi ya baridi, pumzi inatoka kama moshi, halafu unainua macho unamwona mbega amekaa juu ya kamba: kwa aliyewaona kwenye misitu ya Kilimanjaro ni furaha ambayo sijui niieleze vipi. Mimi hupunguza mwendo pale kila mara.

Mbele kidogo kuna daraja la Macclesfield. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874 mashua iliyobeba baruti ililipuka chini yake, ikaua mabaharia wake watatu na kulibomoa daraja. Lilipojengwa upya nguzo za chuma zilirudishwa zile zile, ila ziligeuzwa. Simama kidogo uziguse. Upande mmoja zina mikato iliyochimbwa na kamba za farasi kabla ya mlipuko, upande wa pili mikato mingine iliyochimbwa baada yake. Ncha ya kidole inaingia bila taabu. Kamba tu, iliyolowa na kushika mchanga, ikisugua chuma siku baada ya siku.

Sasa chini ya miguu. Sehemu kubwa ya njia, kutoka upande wa St John's Wood hadi City Road, imelazwa vibamba vya zege. Chini yake zinapita nyaya za umeme mkubwa, volti 400,000, na maji ya mfereji hutumika kuzipoza. Vibamba hivi vingine vinacheza. Ukikanyaga pembeni kinagonga, na kama mvua ilinyesha usiku kinakurushia maji machafu mpaka kwenye ugoko. Zege ni gumu, kwa hiyo siendi pale na raba nyembamba za mashindano; navaa zenye soli nene, na mvua ikiwa imenyesha nakaa katikati ya kibamba. Ukingo wa maji ni wa mawe yaliyolainishwa na miaka mingi, na unateleza vibaya wakati wa barafu. Hakuna uzio. Siku ya barafu baki kule juu, kwenye bustani ya Regent's Park.

Njia haiendi mfululizo mwanzo hadi mwisho, na ni vizuri kulijua hilo mapema. Karibu na Little Venice, mwanzo wa mfereji upande wa magharibi, kuna maegesho ya mashua ambayo ni ya wakazi wake tu, kwa hiyo unapanda barabarani. Kule Islington mfereji unaingia kwenye handaki la mita 878 lisilo na njia ya miguu. Zamani farasi alipitishwa juu, na mabaharia wakalala chali wakiisukuma mashua kwa kukanyaga kuta. Wewe pia utapita juu, katikati ya Chapel Market na vibanda vyake vya mboga, kisha ushuke tena karibu na loki ya City Road. Fuata vibao vidogo vilivyopachikwa chini, vipo.

Kuanzia hapo kwenda mashariki ndipo penye msongamano nilioutaja. Haggerston, Broadway Market, mpaka Victoria Park: asubuhi za siku za kazi kati ya saa mbili na saa tatu na nusu, na Jumamosi yote ya jua, njia yenye upana wa watu wawili inabeba baiskeli, mbwa, magari ya watoto na wakimbiaji kwa pamoja. Pabaya zaidi ni chini ya madaraja. Njia inakunja, dari linashuka, na huoni anayekuja. Waendesha baiskeli wameombwa wapige kengele mara mbili kabla ya kuingia, na watembea kwa miguu ndio wenye haki ya kwanza. Wengi wanafuata. Wasiofuata wanatosha kukutia ubavuni mwa ukuta. Mimi natembea chini ya kila daraja jembamba saa za msongamano, na nawasihi wenzangu wafanye hivyo. Hii si njia ya kutafuta rekodi. Na saa yako ya GPS itakudanganya pia, kwa sababu kila daraja linaikatia mawasiliano na ikitoka inakurukisha mpaka upande wa pili wa maji.

Unayetaka kasi, nenda kwenye mto Lea. Ukifika Victoria Park shika mfereji mfupi wa Hertford Union, kilomita 2 tu, unatokea Hackney Wick. Kutoka pale kwenda kaskazini njia ni pana zaidi, imenyooka, unapita viwanja vya mpira vya Hackney Marshes, Springfield, Tottenham Hale, halafu kuta ndefu za nyasi za mabwawa ya maji ya jiji, mpaka Enfield na Waltham Abbey. Wenye pumzi huendelea mpaka Hertford. Hapa ndipo ninapofanyia mbio zangu ndefu na zile za mwendo mkali wa kushikilia, kwa sababu naweza kukaa kwenye mwendo mmoja muda mrefu bila kumpisha mtu. Jihadhari na upepo tu. Pembeni mwa mabwawa hakuna cha kuukinga, na upepo wa London mara nyingi unatoka kusini-magharibi. Ukielekea kaskazini unakusukuma mgongoni, ukigeuka unakulipisha. Bahati nzuri reli inakwenda sambamba na mto, vituo viko karibu karibu, hivyo naona busara kwenda na upepo na kurudi na treni.

Kwa anayeanza, au anayerudi kutoka kwenye jeraha, ninapendekeza mzunguko wa mashariki: Victoria Park, Hertford Union, Lea mpaka Bow, mfereji wa Limehouse Cut, bandari ndogo ya Limehouse, halafu Regent's Canal kurudi Victoria Park. Ni karibu kilomita 9, huna barabara kubwa ya kuvuka, na Limehouse Cut, uliofunguliwa mwaka 1770, ndio mfereji mkongwe kuliko yote London. Mahali fulani chini ya barabara kuu njia yenyewe inaelea juu ya maji. Unaihisi ikipokea uzito wako kila hatua. Ukichoka katikati ya mzunguko hauko mbali na kituo.

Tambarare ina gharama yake mwilini, na watu wengi hawaambiwi. Kwenye vilima misuli inapokezana kazi: kupanda kunatumia hii, kushuka ile. Hapa hatua ya kwanza na ya elfu tano zinafanana, na vigimbi na kano ya kisigino ndivyo vinavyobeba. Nikikaa mfereji mtupu bila kubadilisha, vigimbi vinakaza. Dawa yangu ni kuongeza siku moja ya vilima kila wiki, Primrose Hill iko pale pale juu ya mfereji, na kurukaruka dakika moja katikati ya mbio ndefu ili miguu ibadilishe kazi.

Wakati wa baridi kuna jambo jingine. Watu wanaishi kwenye zile mashua nyembamba ndefu, na wanapasha joto kwa majiko ya kuni na makaa. Asubuhi isiyo na upepo moshi haupandi, unalala juu ya maji, na mfereji uko kwenye shimo. Mwenye pumu apite mchana. Giza nalo linaingia saa kumi jioni mwezi Desemba, na sehemu nyingi hazina taa. Dada mmoja wa Tanga tunayekimbia naye ameniambia wazi: "Kaka, giza likiingia huko chini mimi sishuki. Tukutane barabarani." Yuko sahihi, na tunakutana barabarani. Wanawake wengi ninaowafahamu wanaufanya mfereji kuwa wa mwanga wa jua na wa kuwa wawili, nami nawashauri hivyo hivyo.

Wanaokuja kwa marathoni: mbio yenyewe inapita Limehouse, kwa hiyo wiki ile ukikimbia taratibu kutoka Limehouse mpaka Victoria Park na kurudi utakuwa umezoea hewa na baridi ya upande ule. Toka kabla ya saa moja asubuhi, kituo cha treni nyepesi (DLR) cha Limehouse kiko hatua chache kutoka majini, na beba maji yako, kwa sababu njiani hutayapata kirahisi mpaka ufike bustanini.