Upasuaji wa uvimbe kwenye uti wa mgongo, Mwanza: niliyoyaona mimi

Nianze na jibu, kwa sababu anayetafuta habari hizi usiku hana muda wa hadithi. Ndiyo, upasuaji wa uvimbe kwenye uti wa mgongo unafanyika hapa hapa Mwanza, nimefanyiwa mimi, na leo natembea kwa miguu yangu. Hospitali siitaji jina, kwa kuwa nina ya kusifu na ya kulalamikia, na sitaki mtu abebe kinyongo changu. Ila mkiniuliza nguvu na pesa zangu ziliishia wapi, nitasema hivi: upasuaji wenyewe ulikuwa sehemu fupi na nzuri kuliko zote. Kazi ilikuwa kufika pale, na kazi nyingine ikaanza nilipotoka.

Mimi ni mama wa makamo, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Nataja kazi yangu kwa sababu ndiyo iliyowapoteza walionitibu mwanzoni. Mgongo ukimuuma mwanamke anayenyanyua magunia, nani atauliza zaidi? Nilipewa dawa za maumivu, nikachomwa sindano za vitamini, nikaambiwa nipunguze mizigo. Kituo kimoja walinipiga eksirei ya kiuno wakasema mifupa safi. Na kweli ilikuwa safi! Eksirei inaonyesha mfupa, lakini uvimbe wangu ulikuwa ndani ya mfereji unaopita uti, ile kamba ya mishipa ya fahamu iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, na mfupa wala haujaguswa. Isitoshe, tatizo halikuwa kiunoni. Lilikuwa juu, usawa wa kifua. Nilikuwa nauguza mahali pasipo na ugonjwa.

Dalili nazieleza kwa kirefu, maana najua kuna mtu atajiona humu. Maumivu yalikuwa yanazidi nikilala, nikikaa kitandani yanapungua. Mgongo wa kuchoka na mizigo kwa kawaida unapenda kulala. Ganzi ilianzia nyayoni ikawa inapanda taratibu, mpaka ikafika chini ya matiti. Kifua kikawa kinabana kuzunguka hadi mgongoni, nikadhani ni vidonda vya tumbo. Ndala inavuka mguuni, mimi naendelea kutembea pekupeku bila habari, mpaka jirani yangu wa mezani anapiga kelele, "Mama Kulwa, kiatu chako!" Miguu haikulegea, ilikaza, ikawa mizito. Nikifumba macho kunawa uso nayumba, lazima nishike ukuta. Na mkojo, samahani kwa kulisema, ukija hausubiri.

Wifi yangu alikuwa na uhakika nimekanyaga kitu. Sitalisema sana hilo, kila familia inajua mambo yake. Ila pesa ya kuku weupe ingetosha nauli nyingi za kwenda hospitali.

Kuna swali moja niliulizwa ambalo mwanzoni niliona halihusiani: umekulia ziwani? Nimezaliwa Ukerewe, ziwa ndilo lilikuwa bafu letu na kisima chetu. Kumbe kichocho, ambacho huku kwetu tunakichukulia kama mafua, mayai ya minyoo yake yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo na kulemaza miguu. Kifua kikuu nacho kinashambulia pingili, mifupa ya mgongo. Kwa hiyo nilipimwa vyote viwili, na dawa ya kichocho nikameza. Hapo simlaumu mtu. Kwa watu wa kandokando ya ziwa, daktari asiyeuliza hilo ndiye wa kutiliwa shaka.

Aliyelifumbua fumbo alikuwa daktari kijana, hata bingwa bado. Alinivua viatu. Akagonga magoti kwa kinyundo, miguu ikaruka kuliko kawaida. Akakwaruza unyayo, kidole gumba kikainuka juu badala ya kushuka. Nilimwona anamtazama mwenzake. Akanisimamisha, akasema nifumbe macho, nikamwangukia. Halafu akachukua pini akaanza kunigusa kutoka mguuni kwenda juu, akisema nimwambie panapobadilika. Palipobadilika akaweka alama ya kalamu, na alipomaliza kulikuwa na mstari mzima umenizunguka chini ya matiti. Akasema tatizo liko juu ya mstari huu, nenda kapige MRI ya usawa wa kifua, picha inayoonyesha hadi uti wenyewe. Vifaa alivyotumia vyote vingeingia kwenye mfuko wa shati. Ndiyo maana nasema: ukiwa na ganzi miguuni na daktari anakuandikia dawa bila kukugusa miguu, tafuta mwingine.

MRI ina kelele na unalala ndani ya bomba bila kutikisika. Ukiwa na chuma chochote mwilini, waambie kabla hujaingia. Gharama yake ni laki kadhaa, na kwa asiye na bima hapo ndipo wengi wanakwama. Sisi tulipita kwa bima ya Baba Kulwa, baada ya mivutano ya vibali ambayo siwezi kuieleza bila kupandisha presha.

Nikaonana na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kama huduma hii ingekuwa na nyota, nyota zote ningempa mazungumzo yale. Alimwita na mume wangu ndani. Akachukua karatasi akachora uti, akazungusha utando unaoufunika, halafu pingili kwa nje. Akasema uvimbe unaweza kukaa sehemu tatu. Nje kwenye mfupa, na huko mara nyingi ni saratani iliyosafiri kutoka titi, tezi dume au kwingine. Ndani kabisa ya uti, ambako kuutoa ni kazi ngumu na hatari yake kubwa. Au katikati, chini ya utando lakini nje ya uti, unaukandamiza tu kwa pembeni. "Wako uko hapa," akaweka nukta. Ukubwa wake, alisema, ni wa njugu mawe. Nikashangaa kitu kidogo hivyo kinanivua viatu bila mimi kujua, akanijibu kwamba ndani ya mfereji ule hakuna nafasi ya mgeni.

Alidhani ni meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando, unaopenda wanawake wa umri wangu kuliko wanaume, na kwenye uti unapenda zaidi usawa wa kifua. Mara nyingi si saratani na unakua polepole. Lakini hakuniapia, alisema jina kamili litatoka maabara. Baba Kulwa akauliza kama hakuna dawa ya kuuyeyusha. Hakuna. Vile vidonge vya deksamethasoni nilivyopewa vinapunguza kule kuvimba kwa uti na mgandamizo kwa muda, uvimbe wenyewe unabaki palepale, na vinapandisha sukari, hivyo mwenye kisukari lazima aseme.

Tukauliza lile ambalo kila mtu mtaani alikuwa ametuambia: mgongo ukiguswa na kisu hutembei tena. Hakucheka. Alisema hatari ya kupooza ipo, ya damu, ya wadudu kwenye kidonda, na ya maji ya uti kuvuja, akazitaja zote. Halafu akasema wengi wanaobaki kitini ni waliofika miguu ikiwa tayari imekufa siku nyingi, watu wakiona wamepooza wanasema ni kisu. Nguvu unayoingia nayo ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa utakayotoka nayo. Mimi niliingia bado najikongoja, basi nikaweka sahihi.

Wapo walionishauri niende Dar es Salaam, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ambako kwa miaka mingi ndiko kumekuwa kimbilio la upasuaji wa ubongo na mgongo nchini. Ushauri si mbaya, na kwa baadhi ya uvimbe hata madaktari wa huku wanakuelekeza huko. Lakini ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, na mtu asiyehisi makalio yake akikaa usiku kucha anashuka na kidonda. Tena nani angeniletea uji Dar?

Kuhusu siku yenyewe sina mengi, nililala. Ndugu walichangia damu kabla, mtaalamu wa usingizi akaniuliza maswali kuhusu moyo, pumu na meno ya bandia. Nilielezwa baadaye kwamba walinilaza kifudifudi, wakaondoa sehemu ya nyuma ya pingili, wakafungua utando wakitumia darubini, wakautenga uvimbe na uti kidogo kidogo bila kuuvuta, kisha wakaushona utando. Saa kadhaa. Kesho yake nesi alinipangusa mguu kwa kitambaa cha maji baridi nikashtuka nikavuta pumzi, akadhani ameniumiza. Nilikuwa nimeusikia ubaridi! Dada yangu alilia mpaka akatolewa wodini.

Sasa malalamiko. Baada ya upasuaji huu mgonjwa anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa chache, mabega na nyonga kwa pamoja, mgongo usijipinde. Mchana kulikuwa na manesi. Usiku nesi mmoja na wodi imejaa. Ndugu wanaambiwa watoke muda wa kuona wagonjwa ukiisha, halafu asubuhi mgonjwa akionekana hajageuzwa, wanaulizwa wao. Mara mbili tatu nilibaki upande mmoja mpaka nyonga ikawa nyekundu. Tulipolalamika kwa sista wa wodi, kwa adabu, dada yangu akaruhusiwa kulala na akafundishwa namna ya kugeuza. Ombeni kufundishwa siku ya kwanza, msisubiri. Jifunzeni na kuangalia bandeji: ikilowa maji yasiyo na rangi, au mgonjwa akiinuka kichwa kinampasuka na akilala kinatulia, huenda maji ya uti yanavuja. Iteni mtu saa ileile.

Mazoezi tiba yalikuwa mazuri lakini machache, na wikiendi hakuna. Tuliporudi nyumbani kazi ikahamia kwetu. Nilishika kiti cha plastiki nikasukuma uani, majirani wakihesabu. Mpira wa mkojo ulitoka, na kujifunza upya kuubana mkojo kulinichukua muda kuliko kujifunza kutembea. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwa hilo, na ni aibu kumweleza mtu. Basi nawaeleza ninyi.

Wodini tulikuwa mchanganyiko, na msichukue yangu mkayapima ya mgonjwa wenu. Kulikuwa na kijana aliyepoteza uono wa pembeni, uvimbe wake ulikuwa chini ya ubongo kwenye tezi ya pituitari, wakaupitia puani. Alirudi hana hata mshono kichwani, kila mtu akawa anamchungulia. Kulikuwa na mtoto mwenye uvimbe nyuma ya kichwa, maji yakajaa kwenye ubongo, akawekewa kwanza mrija wa kuyashusha tumboni. Na mama mmoja wa upande wa Mara, saratani ya titi imefika kwenye pingili. Yeye alipasuliwa ili maumivu yapungue na miguu isife, si ili apone, na akatakiwa aendelee na mionzi. Alilijua hilo wazi, na alikuwa akinitia moyo mimi.

Majibu ya maabara yalichukua wiki kadhaa, hakuna aliyenipigia simu, nilifuata mwenyewe. Meninjioma, daraja la kwanza, yaani ile isiyo saratani. Mionzi sikuhitaji.

Leo nipo mezani kwangu Mwaloni. Gunia silinyanyui, nimemwajiri kijana. Mguu wa kushoto una sehemu yenye ganzi ambayo daktari amesema inaweza isiondoke, na kupanda mawe ya kwetu Mabatini natumia fimbo jioni nikichoka. Kwa wenzangu wa Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025, mgonjwa hasubiri tena kivuko amelala kwenye gari. Njooni na picha zote za zamani, hata zile zilizosema mifupa safi, na shuka za kutosha, na mtu mwenye mikono ya kugeuza. Asiye na bima aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kulazwa, kwa sababu baada ya bili kutoka mazungumzo yanakuwa magumu. Mimi nina picha ya marudio mwakani, maana meninjioma inaweza kuota tena hata ikitolewa vizuri. Kibali cha bima nimeshaanza kukifuatilia sasa hivi.