Rivyu: balbu za bure za posta, mkopo wa sola na ahadi za kijani za Ukraine

Watu wakisikia sera ya tabianchi kwenye nchi iliyo vitani wanacheka, wanauliza kwani mtu anayekimbilia handaki usiku ana muda wa kuwaza hewa ukaa? Mi naona Ukraine ndo mahali ambapo sera ya kijani unaweza kuipima kama unavyopima bidhaa yoyote dukani, inafanya kazi au haifanyi, porojo hamna. Kwa hiyo nimezipitia huduma ambazo raia wa kawaida kule anapewa na serikali na wafadhili wake na nimezipa nyota, kipimo changu ni kimoja tu: kombora likishapiga mtambo, hicho kitu bado kinamsaidia mwenye nyumba?

Naanza na balbu na nitakaa hapo sana maana ndo nilizozipenda kupita vyote.

Kuanzia tarehe 10 Oktoba 2022 Urusi iliamua kupiga umeme wenyewe, yaani mitambo ya kuzalisha na vituo vya kupoza umeme, mgao ukawa mtindo wa maisha na baridi ndo kwanza inaingia. Desemba hiyo kwenye mkutano wa Paris rais Zelensky akaomba kitu ambacho ukikiweka kwenye orodha moja na vifaru kinaonekana utani, balbu za LED milioni 50. Tume ya Ulaya ikasema italipia milioni 30. Mwisho wa Januari 2023 posta ya nchi, Ukrposhta, ikaanza kuzigawa: ulikuwa unapeleka balbu zako tano za kizamani, zile za njano zenye kiwaya ndani, unaondoka na LED tano, hulipi kitu.

Sasa piga hesabu uone kwa nini huu sio utani. Balbu ya zamani inakula wati 60, LED yenye mwanga uleule inakula kama 10, umeokoa 50. Zidisha kwa milioni 30 unapata megawati 1,500 kama zote zimewashwa. Zote haziwaki kwa wakati mmoja, sawa, tuseme jioni zinawaka theluthi mbili, bado una megawati 1,000, na hiyo ndo saizi ya rieakta moja kati ya zile sita za kituo cha umeme wa nyuklia cha Zaporizhzhia ambazo Urusi iliziteka Machi 2022. Rieakta nzima jamani! Na haipigwi kombora kwa sababu haiko sehemu moja, iko jikoni kwa watu na kwenye korido na chooni. Halafu inaokoa jioni, saa ileile kila mtu karudi nyumbani na mtandao wa umeme unahema.

Kitu kingine ambacho aliyebuni nampa heko ni kwamba ni kubadilishana na sio kugawiwa. Ukimgawia mtu balbu ya bure anaiweka kabatini akisubiri ile ya zamani iungue, ukimwambia leta ya zamani ndo nikupe mpya, ile ya zamani imetoka kwenye soketi leo. Na posta inafika mpaka vijijini ambako hamna duka la maana. Haikukuuliza una nyumba yako, una paa, una kazi, unakopesheka. Mpangaji alipata, bibi wa ghorofa ya tisa alipata, aliyehama mji kwa sababu ya mabomu anazifungua anazitia kwenye begi anaondoka nazo.

Na hata umeme ukikatika bado zina maana, hapa ndo wengi hawaoni. Una kibetri chako cha kuhifadhi wati-saa 600, balbu ya njano moja inakimaliza kwa saa 10, LED inakwenda saa 60 ukitoa kidogo kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri au paneli uwe wa nyumbani. Betri ileile, pesa ileile, mwanga mara sita.

Kasoro ipo. Balbu tano kwa nyumba ya familia hazitoshi, na kama huna betri yoyote basi umeme ukikatika umeshika kioo tu mkononi. Nyota nne na nusu.

Haya twende kwenye sola. Mwaka 2024 serikali ilileta mkopo wa riba sifuri kwa wenye nyumba, mpaka hryvnia 480,000, unalipa mpaka miaka 10, uweke paneli au kinu kidogo cha upepo pamoja na betri. Mwaka huohuo wakaondoa VAT na ushuru wa forodha kwa vifaa vya aina hiyo vinavyoingia nchini. Kwenye karatasi tamu kweli.

Neno la kuangalia hapo ni betri, wala sio sola. Kabla ya vita kulikuwa na tarifa ya kijani, serikali inanunua umeme wako kwa bei nzuri, watu wakajaza paneli kwenye mapaa na kwenye bustani, na wengi waliweka inveta zile za kutegemea gridi maana lengo lilikuwa kuuza. Inveta ya namna hiyo gridi ikizima nayo inajizima, imetengenezwa hivyo makusudi ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe shoti na umeme wa paa lako. Kwa hiyo fikiria mtu ana paneli za kilowati 20, jua linawaka, na ndani kwake giza kama kwa jirani asiye na kitu. Sera ilikuwa ya kijani kabisa, tani za kaboni zinapungua, ila kwa vita haikufaa. Mkopo mpya umesahihisha hilo, na sheria ya 2023 nayo imeruhusu mtu ajizalishie kwanza kwa matumizi yake halafu ziada ndo aingize kwenye gridi, mi naona hiyo ndo akili.

Lakini mkopo ni mkopo. Anayeupata ni mwenye nyumba yake ya chini yenye paa lake, na miji ya Ukraine imejaa maghorofa ya enzi ya Kisovieti. Pia jua la Desemba kule juu kaskazini ni kama salamu tu, siku fupi na mawingu mazito, na mgao mkali zaidi unakuja majira hayohayo, kwa hiyo wakati wa baridi paneli ni msaidizi na betri inachajiwa zaidi na zile saa chache ambazo gridi ipo. Muuzaji asipokwambia hilo anakuficha. Nyota tatu na nusu.

Upande wa miradi mikubwa sitasema mengi, raia haendi dukani kununua shamba la upepo. Ila linganisha hizi mbili. Trypilska, mtambo wa makaa na gesi karibu na Kyiv, uwezo wake megawati 1,800, tarehe 11 Aprili 2024 uliangamizwa kwa shambulio la siku moja. Upande wa pili kuna Tyligulska mkoa wa Mykolaiv, shamba la upepo ambalo kampuni ya DTEK ilikamilisha awamu yake ya kwanza, minara 19 ya megawati 6 kila mmoja, jumla 114, vita vikiendelea, kama kilomita 100 tu kutoka mstari wa mbele. Kuimaliza minara 19 iliyotawanyika mashambani unahitaji makombora mangapi? Udhaifu wake ni kituo cha kupoza umeme kinachokusanya umeme wote, kikipigwa hicho minara inazunguka bure, lakini transfoma inabadilishwa, mtambo mzima haubadilishwi. Nyota nne.

Sheria ya tabianchi iliyopitishwa na bunge Oktoba 2024 inasema 2050 nchi isiwe inaongeza kaboni hewani. Nyota mbili, na moja ni ya huruma. Wanajilinganisha na mwaka 1990, na uzalishaji wa hewa ukaa ulikuwa umeshashuka kwa zaidi ya 60% kabla ya vita, sehemu kubwa kwa sababu viwanda vya Kisovieti vilikufa, sio kwa sababu mtu alipanga. Kujisifia hapo ni rahisi mno. Inawasaidia kwenye safari ya kuingia Umoja wa Ulaya, hilo sikatai, na kwenye ule mfuko wa Umoja huo wa kuisaidia Ukraine, euro bilioni 50 za 2024 mpaka 2027, angalau 20% ya upande wa uwekezaji lazima iende kwenye mambo ya kijani. Ningetamani waseme wazi kwamba hiyo inaanza na hospitali na pampu za maji, sio ofisi zenye vioo.

Namalizia na wa maghorofani niliowaacha njiani. Kuna programu inaitwa GreenDim ya Mfuko wa Ufanisi wa Nishati, jengo linaweka sola na vifaa vingine vya pamoja na sehemu ya gharama inarudishwa. Hii naipenda kwa sababu ghorofani umeme ukizima sio taa tu, lifti inasimama, pampu ya maji inasimama, pampu ya kuzungusha maji ya moto ya kupashia nyumba inasimama, na mzee wa ghorofa ya kumi na mbili anakuwa mfungwa. Paneli juu ya paa na betri kwenye besimenti zikiendesha hivyo vitatu tu umeshaokoa jengo zima. Shida ni kwamba anayeomba ni chama cha wakazi kilichosajiliwa, na majengo mengi hayana chama, watu hawajawahi hata kukubaliana nani alipie taa ya ngazi. Nyota nne kwa waliosajili chama, na kwa wasio na chama naacha wazi mpaka mtu awafungulie mlango mwingine.