Kitabu cha methali ambamo kuku "anajisaidia"

Kitabu hiki cha methali za watoto nilikinunua shilingi 6,000 kwa muuza vitabu wa stendi, hapa Tanga, nimsomee mjukuu wangu wa darasa la tatu. Karatasi nzito, herufi kubwa, michoro ya mtu anayewajua kuku. Hapo sina lawama.

Lawama yangu iko kwenye herufi K. "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha" imeandikwa: "Kujisaidia ajisaidie kuku, akijisaidia bata kaharisha." Nikamsomea. Akaniuliza, "Bibi, kuku anajisaidia kufanya nini? Hana wa kumsaidia?"

Mtoto hana kosa. Nikamtamkia methali yenyewe, kama nilivyoipokea kwa bibi yangu. Akaziba mdomo, akacheka mpaka akajilaza mkekani, kisha mbio uani kukagua. Akarudi: "Bibi, wote wanakunya. Ya bata majimaji tu, ndivyo alivyo." Kesho yake akagombezwa kwa kuvunja kikombe, na kaka yake wiki iliyopita alivunja sahani asiulizwe. Akanitazama machozi yakimlengalenga: "Bibi, mimi ndiye bata." Methali imeshamwingia, na kilichoiingiza ni kile kicheko cha mkekani.

"Mavi ya kale hayanuki" nayo imegeuzwa "uchafu wa zamani haunuki". Uchafu upi? Hata vumbi ni uchafu, na vumbi halinuki likiwa jipya wala la zamani. "Mavi usiyoyala, wayawingiani kuku?" haimo kabisa. Kuwinga ni kufukuza kuku au ndege, neno ambalo vijana wengi hawalijui tena, na hii ndiyo methali ningetaka aishike kuliko zote, kwa jinsi tunavyopenda kuingilia ya watu.

Chuoni tulisomeshwa Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400. Katika hadithi yake ya msaga nafaka, kijana anatoa makalio dirishani usiku na kumjambia mwenzake usoni. Mhadhiri alitusomea bila kuruka neno, na mshairi huyo Waingereza wamemzika Westminster Abbey. Wazee wetu waliokaa wakatazama kuku na bata mpaka wakapata maneno sita ya kusemea uonevu, nao wasomwe kama walivyosema.

Kwa michoro, kinunueni. Changu nimekirekebisha kwa kalamu, ukurasa wa 31, na mjukuu ndiye aliyeshika rula nilipokuwa nakata lile neno.