Mjusi chui au mjusi wa kishungi: yupi amfae anayeanza kufuga?

Kwa anayeishi Kisumu, mimi namchagua mjusi chui bila kusitasita. Asili yake ni nyanda kavu za Afghanistani, Pakistani na India, kwa hiyo joto letu la mchana halimsumbui. Upande mmoja wa kizimba chake uwe na nyuzi 32 hivi za selsiasi, upande wa pili uwe na ubaridi kidogo, na pasikose pango lenye unyevu la kujivulia ngozi. Akimaliza kujivua, mkague vidole. Ngozi kuukuu ikibaki imebana pale, kidole hukosa damu na huweza kukatika. Ilainishe kwa maji vuguvugu. Usiivute kwa nguvu.

Hula wadudu hai walionyunyiziwa unga wa kalisi. Nyenje wa kufugwa wanajulikana huku kwetu. Bondo kuna chuo kikuu kinachowatafiti kama chakula. Wa shambani waache, huenda wamepuliziwa dawa.

Mjusi wa kishungi, mwenyeji wa New Caledonia, anapendeza kweli, na chakula chake cha unga wa matunda hukorogwa na maji tu. Ila joto likipita nyuzi 28 huanza kuumia, na mchana wa Kisumu hupita hapo mara nyingi. Nakuru, kwenye baridi, atatulia. Mkia wake ukikatika hauoti tena. Wa mjusi chui huota.

Kabla ya kumlipia yeyote, ulizia kibali KWS (Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya), na umkatae aliyekamatwa porini.